Mali bila daftari: funzo la Otto Lilienthal

Wahenga walituachia hekima kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara. Lakini elimu nayo ni mali, tena ni mali iliyo nyepesi mno kupotea. Sijui maisha yanayolithibitisha jambo hili kuliko maisha ya Otto Lilienthal, mhandisi wa Kijerumani aliyefariki mwaka wa 1896 baada ya kuanguka kutoka hewani.

Wengi wamtajapo Lilienthal humsifu kwa ushujaa. Maoni yangu ni kwamba ushujaa ulikuwa sehemu ndogo tu ya ukubwa wake. Kabla yake walikuwapo mashujaa tele waliojifunga mbawa, wakajirusha kutoka minarani, wakavunjika miguu au shingo, na walichojifunza kikazikwa pamoja nao. Lilienthal alitofautiana nao kwa jambo moja: alipima, na alichokipima akakiandika.

Alizaliwa tarehe 23 Mei, 1848 katika mji mdogo wa Anklam, uliokuwa katika dola ya Prussia. Baba yake alifariki mwaka wa 1861, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama. Otto na mdogo wake, Gustav, walipenda kuwatazama korongo waliojaa katika malisho ya kwao. Ndege hao wa Ulaya huhamia Afrika majira ya baridi yakiwadia, na baadhi yao hufika hata huku kwetu Afrika Mashariki. Vijana hao wawili waligundua kwamba korongo apaapo huukabili upepo wala haupi kisogo. Wakajiundia mbawa za mbao, wakazijaribu usiku ili wenzao wa shuleni wasiwacheke.

Mnamo 1867 na 1868, Otto alipokuwa akianza masomo ya uhandisi mjini Berlin, ndugu hao walilikabili swali lililowasumbua wanadamu kwa karne nyingi: je, mtu aweza kuruka kwa nguvu za misuli yake mwenyewe? Waliunda chombo chenye mbawa zilizopigwapigwa kwa kukanyaga kwa miguu. Walikitundika kwa kamba iliyopita kwenye kapi, na upande wa pili wakaweka uzani wa kukisaidia kupanda. Kwa njia hiyo waliweza kujua ni kiasi gani hasa cha uzito ambacho miguu ya mtu ingeweza kuinua. Jawabu lilikuwa nusu tu ya uzito wa mtu na chombo chake. Nusu iliyobaki iliwashinda.

Mtu mwingine angalikata tamaa, au angalificha matokeo hayo kwa aibu. Lilienthal aliyaona kuwa ni maarifa. Maadamu misuli haikutosha, ilimbidi ajue jinsi hewa yenyewe inavyobeba ubawa. Alipigana katika vita vya mwaka wa 1870 na 1871 kati ya Prussia na Ufaransa, akarudi, akafanya kazi, hatimaye akafungua kiwanda chake cha mitambo ya mvuke. Wakati huo wote aliendelea kupima. Alifunga mbawa za maumbo mbalimbali kwenye mkono wa mtambo uliozunguka, akaandika kani iliyopatikana kwa kila mwinamo. Ikadhihirika kwamba ubawa uliobinuka kidogo, mfano wa kijiko kilichofudikizwa, hubeba zaidi kuliko ubawa bapa.

Mwaka wa 1889 alichapisha hayo yote katika kitabu kuhusu kuruka kwa ndege, pamoja na michoro na majedwali ya tarakimu. Hapa ndipo nionapo tofauti kubwa kati yake na Leonardo da Vinci. Leonardo, aliyefariki mwaka wa 1519, alichora vyombo vingi vya kuruka kwa nguvu za mtu na kuandika daftari zima juu ya ndege, ila daftari hilo lilichapishwa mwaka wa 1893. Kwa karne tatu na zaidi hekima yake haikumfaa fundi yeyote.

Kuanzia mwaka wa 1891 Lilienthal alipanda hewani mwenyewe, kwa mbawa za fito na kitambaa cha pamba zisizo na injini. Safari zake za kwanza zilifikia yapata mita 25. Mwaka wa 1894 alijengesha kilima cha udongo cha kimo cha mita 15 hivi karibu na Berlin, na katika vilima vya Rhinow aliweza kusafiri hadi mita 250. Aliruka takriban mara 2,000, lakini muda wake wote hewani ulikuwa kama saa tano tu.

Tarehe 9 Agosti, 1896, akiwa katika kilima cha Gollenberg, chombo chake kilipoteza mwendo, kikaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Alivunjika uti wa mgongo, akafariki siku ya pili yake.

Je, kazi yake ilikufa? La, hasha! Habari za kifo chake ziliwaamsha ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, ambao walitumia jedwali lake kuunda vyombo vyao. Vyombo hivyo vilipobeba uzito mdogo kuliko walivyotarajia, walilishuku jedwali. Mwaka wa 1901 wakapima upya kwa mtambo wa kupulizia hewa. Walibaini kwamba tarakimu za marehemu zilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na kwamba kosa lilitokana hasa na kigezo cha kale kilichotumiwa pamoja nazo. Tarehe 17 Desemba, 1903 waliruka kwa injini. Hata lile swali la misuli lilipata jawabu. Tarehe 23 Agosti, 1977 huko California, Bryan Allen alikiendesha kwa kukanyaga pedali chombo kiitwacho Gossamer Condor, chenye mbawa za upana wa mita 29 na uzito wa kilo 32 hivi, akazunguka njia yote iliyowekwa kwa mashindano.

Walimu na wanafunzi wetu wana la kujifunza hapa. Ni desturi mbaya iliyozoeleka katika maabara nyingi kwamba mwanafunzi akipima mwendo wa timazi, akapata tarakimu isiyolingana na ya kitabu, huifuta na kunakili ya kitabu ili apate alama. Mwalimu humpa vema, na wote wawili huridhika. Kwa hakika hapo elimu imeibwa mchana kweupe. Ile nusu aliyoipata Lilienthal haikuwa jawabu alilolitaka, lakini ndiyo iliyomfungulia njia.

Mwalimu, usimwadhibu mwanafunzi kwa tarakimu iliyokuja vibaya. Muulize imetoka wapi. Nawe mwanafunzi, usiifute. Iandike, uitafutie sababu, uwaonyeshe wenzako. Huenda wakaona usichokiona.