Hermann Föttinger: Mtu wa meli ambaye kazi yake imo ndani ya giaboksi yako

Ukishusha giaboksi ya otomatiki nyumbani na kuitenganisha na injini, kitu cha kwanza kutoka si gia. Ni dude zito la duara, kama sufuria mbili zilizofunikiana, limechomelewa pembeni na limejaa oili. Mafundi wanaliita toki konveta.

Wengi wanaliweka kando haraka, wanawahi pleti na sili. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ili ujue kwa nini, inabidi umjue Mjerumani mmoja ambaye wala hakuwa mtu wa magari.

Msomi wa umeme aangukia kwenye meli

Hermann Föttinger alizaliwa Februari 9, 1877 mjini Nuremberg. Alisomea uhandisi wa umeme Munich, na mwaka 1899 akaajiriwa na Vulcan, kampuni kubwa ya kujenga meli mjini Stettin. Mji huo leo uko Poland na unaitwa Szczecin.

Wakati huo turbini za mvuke ndiyo zilikuwa habari ya mjini. Zina nguvu, lakini zina tatizo: turbini inataka kuzunguka kasi sana, propela ya meli inataka kwenda taratibu. Ukiizungusha propela kasi mno inakoroga maji tu, nguvu inapotea. Na gia za chuma za kuhimili nguvu kubwa kiasi hicho zilikuwa bado.

Akaanza kupunguza vitu

Kwa kuwa alikuwa mtu wa umeme, alianza na umeme. Turbini izungushe jenereta, jenereta iendeshe mota, mota izungushe propela. Inawezekana, ila mitambo inakuwa mingi, mizito na ya gharama.

Akahamia kwenye maji. Pampu isukume maji kwenye bomba, maji yaende kuzungusha turbini nyingine upande wa pili. Nayo ilikuwa na kasoro, maana nguvu nyingi inaliwa njiani na mabomba.

Hapo ndipo alipopiga hatua yenyewe. Aliyaondoa mabomba yote. Gurudumu la kusukuma, gurudumu la kusukumwa na mapanga ya kuelekeza maji, vyote akaviweka uso kwa uso ndani ya ganda moja. Juni 24, 1905 akaiombea haki ya uvumbuzi.

Fikiria mapangaboi mawili yanayotazamana. Washa moja, upepo wake utalizungusha la pili bila waya wala mkanda. Sasa badala ya upepo weka kimiminika, na katikati weka mapanga yanayogeuza mkondo ili usukume kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo toki konveta. Hakuna chuma kinachoshika chuma ili kupeleka nguvu. Kinachobeba mzigo ni kimiminika.

Bahari ikamkataa, barabara ikamchukua

Mwaka 1909 Föttinger alikuwa profesa mjini Danzig. Kifaa chake kikafungwa kwenye meli ya abiria Königin Luise iliyojengwa 1913. Haikudumu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza iligeuzwa kuwa ya kutega mabomu baharini, na Agosti 5, 1914 Waingereza wakaizamisha.

Baadaye gia za chuma ziliboreshwa, zikawa zinapoteza nguvu kidogo kuliko kifaa chake. Meli kubwa zikahamia huko. Wazo lingeweza kufia pale.

Lakini kuna kitu watu wa magari walikiona. Kimiminika kinaruhusu injini iendelee kuunguruma huku tairi zimesimama, kisha kinaondoa gari taratibu bila kushtua. Miaka ya 1920 mjini London, aina rahisi ya kifaa hicho, yenye magurudumu mawili tu, ilianza kufanyiwa kazi kwa ajili ya mabasi. Mwaka 1930 Daimler ya Uingereza ikaanza kuiuza kwenye magari yake.

Marekani nako, Oldsmobile za mwaka 1940 zikaja na giaboksi ya Hydra-Matic, iliyotumia aina hiyohiyo. Giaboksi hiyo ikafungwa pia kwenye vifaru vya Marekani aina ya M5 Stuart. Yaani wazo lililozaliwa kwenye karakana ya meli ya Ujerumani likaenda vitani dhidi ya Ujerumani.

Siku kumi kabla ya amani

Föttinger alikuwa amehamia Berlin tangu 1924, akifundisha elimu ya mwendo wa vimiminika. Aprili 1945 jeshi la Kisovieti lilikuwa limeshaingia mjini. Aprili 28 kipande cha kombora kilimpiga, akafa akiwa na miaka 68. Siku kumi baadaye vita ikaisha Ulaya.

Hakuona mwaka 1948, Buick ya Marekani ilipoleta Dynaflow, giaboksi ya magari ya kawaida yenye toki konveta kamili. Leo sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayoshuka Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani ni ya otomatiki, na mengi yana dude hilo ndani.

Sasa rudi kwenye giaboksi yako

Ukielewa alichofanya Föttinger, unaelewa kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki haipo kwa ajili ya kulainisha tu. Yenyewe ni kiungo cha kazi, kama pleti na pampu. Kuweka aina yoyote iliyopo dukani ni sawa na kufunga spea ya gari jingine. Angalia kitabu cha gari kinataka ipi.

Pili, pleti zikiungua, unga wake unazunguka na oili hadi ndani ya toki konveta. Imechomelewa, hivyo huwezi kuifungua na kuipangusa nyumbani. Ukifunga pleti mpya na konveta yenye uchafu, oili safi inachafuka siku ya kwanza. Bora upate nyingine, au uipeleke kwa wanaozikata, kuzisafisha na kuzipima mizani upya. Kipoza oili nacho kisafishwe.

Tatu, wakati wa kurudisha, mimina kwanza oili kidogo ndani ya konveta. Kisha isukume huku unaizungusha mpaka iingie yote kwenye pampu. Ikiwa haijakaa sawa na ukalazimisha kwa bolti, pampu inavunjika kabla hujawasha gari.

Föttinger alitoa kila kitu kisichohitajika, akabakiza magurudumu na kimiminika. Ukikidharau kimiminika hicho, umebaki na mapanga yasiyogusana.