Luambo Makiadi, mtoto wa mfanyakazi wa reli

Mwezi uliopita tulikusanyika wanafunzi kumi na wawili mbele ya kompyuta moja, jenereta likinguruma nje, tuangalie filamu ya Soul Power. Ni filamu ya tamasha la muziki lililofanyika Kinshasa tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974. Tamasha lilipangwa litangulie pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman aliumia karibu na jicho akiwa mazoezini, na pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki hawakungoja. Picha zilizopigwa siku zile zilikaa zaidi ya miaka thelathini kabla Jeffrey Levy-Hinte hajazitengenezea filamu hii, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Wamo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz. Yumo pia, kwa muda mfupi mno, mtu wa mwili mkubwa mwenye gitaa: Luambo Makiadi, aliyejulikana kwa jina la Franco, pamoja na orkestra yake, TPOK Jazz.

Nilipomsimulia bibi yangu, aliuliza jambo moja tu: je, filamu imesema kwamba Luambo ni mtoto wa kwetu? Sisi ni Bakusu wa upande wa Kibombo, ndugu wa Batetela, na Joseph Emongo, baba yake Luambo, alikuwa Mtetela aliyefanya kazi ya reli. Katika mji kama Kindu, ambako reli inakuta mto, habari kama hiyo haisahauliki. Filamu haikuisema. Basi niandike mimi yale ambayo kamera haikuwa na nafasi nayo.

Luambo alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, kwenye njia ya reli ya Matadi. Mama yake, Makiesi, alikuwa Mukongo. Baba alifariki Luambo akiwa bado mtoto, na mama akawalea watoto Kinshasa kwa kuuza mikate ya kukaanga sokoni Ngiri-Ngiri. Inasimuliwa kwamba kijana alijitengenezea gitaa, akawa analipiga karibu na meza ya mama ili wateja wasimame. Paul Ebengo Dewayon alimfundisha, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, akaingia studio ya Loningisa. Mwezi wa Juni 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz, waliyoipa herufi za baa walimopigia, baa ya Oscar Kashama. Orkestra hiyo aliishikilia hadi kufa kwake, miaka 33.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna sababu ya pekee ya kumsoma mtu huyu, kwa kuwa alichagua lugha kama fundi achaguavyo chombo. Mwaka 1966, serikali ya Mobutu ilipowanyonga hadharani Évariste Kimba na wanasiasa wengine watatu, Luambo alitoa Luvumbu Ndoki, wimbo wa Kikongo, lugha ya mama yake. Wakubwa walijiona wamesemwa. Sahani zikakamatwa, naye akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda. Nyimbo zake za mapenzi, madeni na wivu aliziimba kwa Lingala, lugha ya mitaa ya Kinshasa. Na mwaka 1987, alipotaka kuonya juu ya Ukimwi katika Attention na SIDA, alitumia zaidi Kifaransa, ili asikike mbali kuliko Lingala inavyofika.

Baada ya filamu tulibishana hadi petroli ikaisha. Mmoja wetu alisema Luambo alikuwa kibaraka tu. Ana hoja. Uwanja unaoonekana kwenye filamu ulibeba jina la 20 Mei, siku ya kuanzishwa kwa chama cha Mobutu, na tamasha lenyewe lilikuwa la kuutangaza utawala wake mbele ya dunia. Mwaka 1984 Luambo alitoa wimbo mzima wa kumpigia Mobutu kampeni. Mwingine alijibu kwamba utawala huohuo ulimfunga mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, kisha miaka miwili baadaye akaitwa Grand Maître wa muziki wa nchi.

Mimi naona wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa maisha yake ulipo. Alikula na mfalme na akamsema mfalme, kwa kinywa kilekile. Mtu anayemtaka awe shujaa mtupu au mnafiki mtupu itambidi afiche nusu ya sahani zake. Filamu inamwonyesha katikati ya njia, miaka minane baada ya Luvumbu Ndoki na minne kabla ya gereza, nayo haimwambii mtazamaji lolote kati ya hayo. Asiyejua Lingala anabaki na gitaa na jasho.

Luambo alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, na nchi ikaomboleza siku nne. Bibi anakumbuka kwamba siku zile redio haikupiga kingine ila nyimbo zake, na kwamba hapa Kindu watu waliweka matanga kama ya ndugu.

Nimemjibu bibi kwamba filamu haikumtaja Emongo. Akaniuliza sisi tuliokuwa pale tulikuwa tunafanya nini. Nina ombi kwa kitivo, basi: tukiionyesha tena mwakani, kabla ya kuwasha kompyuta mmoja wetu apewe dakika kumi asimame aeleze kwa Kiswahili mtu huyu ni nani, baba yake alitoka wapi, na aliimba nini. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza.