Apolo Kivebulaya: mtumishi aliyejibu kwa jembe



Hapa Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, watu wamefika kutoka kila upande: Kasai, Kivu, Tanganyika, Haut-Lomami. Mtumishi wa Mungu anayetumwa hapa kutoka mkoa mwingine hakawii kusikia kwamba amekuja kula pesa za wachimbaji. Neno kama hilo linauma. Tena maneno makali hayabaki kuwa maneno tu. Mwaka 1992 na 1993, chuki juu ya wageni iliishia kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai kufukuzwa katika miji ya Katanga, na Kolwezi ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Ndiyo maana napenda tukumbuke maisha ya mgeni mmoja aliyesemwa vibaya upande wenu wa mashariki, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Alipata kuwa askari kabla ya kuwa mwalimu wa Injili. Alibatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo. Watu walimwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti alilozoea kuvaa. Mwaka uleule alitumwa Toro, na mwishoni mwa 1896 akavuka mto Semliki, akapanda milima mpaka Mboga, mahali tunapoita leo Boga, katika Ituri.

Huko alikuta kazi imeharibika. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa njaa. Wao walitazamia kulishwa na wenyeji, na wenyeji wakakataa, wakiwaona kama watu wanaokula bila kufanya kazi. Lawama hiyo ilikuwa kali, lakini ilikuwa na ukweli ndani yake. Apolo hakubishana nayo. Hakuwahubiria watu wa Mboga kwanza juu ya wajibu wa kumlisha mtumishi wa Bwana. Alishika jembe, akalima shamba, akapanda chakula chake mwenyewe. Kwa desturi ya wanaume wa Buganda, hiyo ilikuwa kujishusha, kwa maana kulima kulihesabiwa kazi ya wanawake. Yeye alikubali kujishusha.

Lakini si kila lawama huisha kwa jembe. Apolo alifundisha waziwazi juu ya ulevi na juu ya kuoa wake wengi, na chifu Tabaro akakasirika. Watu walikatazwa kumsaidia mwalimu, naye akateswa. Kisha ikatokea ajali: dada yake Tabaro alikufa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa umefichika katika majani. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Alifungwa minyororo, akapelekwa kwa miguu mpaka Toro, akatiwa gerezani.

Katika siku hizo za mateso, Apolo aliona maono ambayo aliyasimulia maisha yake yote. Yesu alimtokea aking'aa, akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Tangu hapo hakutafuta tena mtu mwingine wa kumthibitisha. Alipoachiliwa, angeweza kubaki Toro, ambako alipendwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Mboga, kwa watu walewale waliomshitaki. Hakurudi kudai fidia. Alirudi kufundisha kusoma, kuomba na kulima. Tabaro mwenyewe alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo, na aliyekuwa adui wa kanisa akawa ndugu ndani yake.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika miaka mingi Toro, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akahamia tena Mboga, akakaa huko mpaka kufa. Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akala na kulala pamoja nao. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi ya kwao, kuonyesha kwamba Injili ilipaswa kuendelea mbele, ndani ya Kongo. Kanisa Anglikana la nchi yetu linahesabu mwanzo wake katika kazi yake.

Ndugu zangu, wengine hufikiri kwamba kujibu kwa upole ni kunyamaza, au kukubali kila jambo. Maisha ya Apolo hayasemi hivyo. Juu ya ulevi hakubadilisha fundisho lake hata kidogo. Upole wake ulikuwa katika kutenganisha. Palipokuwa na ukweli katika lawama, alitengeneza kwa mikono yake bila kusubiri aombwe vizuri. Palipokuwa na uongo, hakuurudishia uongo mwingine; alifuata njia ya Kristo, ambaye Petro anasema hakurudisha tusi kwa tusi, bali alijikabidhi kwa Mungu ahukumuye kwa haki (1 Petro 2:23). Na baada ya yote, alirudi. Mtu aweza kunyamaza kwa kiburi, na aweza kusamehe akiwa mbali. Kurudi kwa aliyekutukana ni jambo gumu zaidi.

Basi juma hili, kabla ya kumjibu mtu aliyekusema vibaya kazini, sokoni au katika kikao cha wazee wa kanisa, tafuta kwanza kama kuna neno moja la kweli katika maneno yake. Ukiliona, lishughulikie. Yaliyobaki, mwachie Bwana, kisha nenda ukamsalimie.

Bwana atupe moyo huo. Amina.