Al-Hasan bin Sulaiman

Al-Hasan bin Sulaiman, anayejulikana pia kwa lakabu ya Abu al-Mawahib (maana yake baba wa vipawa), alikuwa sultani wa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14. Alitawala tangu mnamo 1310 hadi mnamo 1333. Kilwa Kisiwani ni kisiwa karibu na pwani ya Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Anakumbukwa kwa ukarimu wake na kwa jumba la Husuni Kubwa, lakini pia kwa sarafu zake za shaba, ambazo hazikuandikwa thamani yoyote na bado zilikubalika sokoni.

Ukoo na ujana

Alizaliwa katika ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen. Babu yake, al-Hasan bin Talut, alitwaa utawala wa Kilwa mnamo 1277 kutoka kwa nasaba ya Washirazi. Tarikh ya Kilwa inaeleza kwamba al-Hasan alisafiri akiwa bado kijana, akakaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini, kisha akaenda Makka kuhiji. Wakati huo ndugu yake Daud alishika utawala kwa niaba yake, akamkabidhi aliporudi.

Utawala

Utajiri wa Kilwa wakati huo ulitokana hasa na dhahabu. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nchi ya Zimbabwe ya leo, ikaletwa hadi bandari ya Sofala (Msumbiji) na kupelekwa kaskazini kwa majahazi. Kilwa ilisimamia njia hiyo na kupata ushuru. Pembe za ndovu na watumwa pia walikuwa sehemu ya biashara hiyo.

Msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa mwaka 1331. Anasema sultani alikuwa akishambulia nchi za jirani, akitenga sehemu ya tano ya nyara kama sheria ya Kiislamu inavyoagiza na kuwagawia masharifu waliokuja kutoka Iraki na Hijazi. Anasimulia pia habari ya fukara mmoja kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani akabadili nguo na kumpa. Mwanawe alizikomboa kwa watumwa kumi, na sultani alipoona jinsi watu walivyomsifu, akamwongezea fukara watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa hao wenyewe hawana majina katika simulizi hiyo.

Husuni Kubwa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali linalotazama bahari, nje kidogo ya mji. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, birika la kuogea lenye pembe nane na ua mkubwa wa maghala. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyefukua magofu hayo, alikuta humo maandishi yaliyochongwa yenye jina la sultani. Ajabu ni kwamba Ibn Battuta hakulitaja jumba hilo hata kidogo. Aliandika kuwa mji ulijengwa kwa mbao.

Katika utawala huohuo Msikiti Mkuu wa Kilwa ulibomoka. Haukujengwa upya hadi karne ya 15, chini ya Sultani Sulaiman bin Muhammad.

Sarafu

Miji michache tu ya pwani ya Afrika ya Mashariki iligonga sarafu zake yenyewe. Kilwa ilikuwa imeanza muda mrefu kabla ya al-Hasan, na Mogadishu ilikuwa nayo katika karne ya 14. Sarafu ya kawaida ya al-Hasan ni kipande kidogo cha shaba. Upande mmoja una jina lake, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu. Maneno ya pande hizo mbili yana kina kimoja, kama mishororo miwili ya shairi, na huo ni utaratibu wa sarafu za Kilwa kwa jumla.

Kitu kisichopatikana juu yake ni thamani. Hakuna namba wala mwaka. Uzito nao hubadilika kutoka kipande hadi kipande, kwa hiyo muuzaji asingeweza kuweka bei kwa mizani. Mwenye sarafu alitegemea jina lililogongwa juu yake na mazoea ya soko. Kwa sababu hiyo fulusi hizo zilitumika hasa Kilwa kwenyewe na katika visiwa vya karibu, pamoja na Mafia. Mbali zaidi zilikuwa shaba tu. Hata hivyo moja ilifika Zimbabwe Kuu, bara kabisa; ndiyo sarafu pekee ya Kilwa inayotajwa sana kutoka huko.

Biashara kubwa ilikuwa na kipimo kingine, yaani mithkali, uzito wa dhahabu wa takriban gramu 4.25. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba Kilwa haikuwahi kugonga dhahabu. Mwaka 1991 zilichapishwa habari za sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Uchache wake unaonyesha kwamba hazikuwa pesa za kununulia samaki; huenda zilikusudiwa kwa zawadi na heshima, jambo linaloafikiana na lakabu yake.

Wareno walipoiteka Kilwa mwezi wa Julai 1505, waliandika kwamba hapakuwa na sarafu za dhahabu, ila shaba tu, nne kwa reali moja ya Ureno, na kwamba mithkali moja ilikuwa sawa na reali 460. Kwa hesabu hiyo mtu angehitaji vipande 1,840 vya shaba kupata mithkali moja. Pengo hilo linaeleza kwa nini shaba na dhahabu zilienda kila moja katika soko lake.

Baada yake

Al-Hasan alifuatwa na Daud, ndugu yake. Ibn Battuta anamweleza kuwa kinyume chake: waombaji walipofika, aliwajibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Husuni Kubwa halikukaliwa kwa muda mrefu. Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliandikishwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981.