Sayyid Said bin Sultan na Kaburi Lisilo na Kuba

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunautazama wasifu wa Sayyid Said bin Sultan Al-Busaidi, mtawala wa Oman na Unguja. Wengi humkumbuka kwa karafuu na merikebu zake. Sisi tutamtazama pia kwa mahali alipolazwa, yaani Makusurani, kiwanja kidogo cha makaburi ya ukoo wake kando ya jumba la Beit al-Sahel, Mji Mkongwe. Tumelichagua somo hili kwa ajili ya familia zetu za Shinyanga na Geita. Huko, ardhi iliyowahifadhi wazee ndiyo hiyo hiyo iliyobeba dhahabu, na swali la kaburi lijengweje, au lihamishwe au libaki, halimwachi mtu.

Sayyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, Oman. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 katika mapigano baharini, na kijana akabaki yatima kati ya jamaa waliogombea utawala. Shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, alisimama naye kwa busara na ushujaa. Mwaka 1806 binamu yake Badr bin Saif, aliyekuwa ameshika hatamu, aliuawa kwa njama ya Said mwenyewe, naye akawa mtawala. Tangu ujana wake, basi, alijua kuwa ufalme hununuliwa kwa damu, na kwamba mwenye kuununua hivyo halali usingizi mnono.

Mwaka 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza. Akaipenda bandari yake, maji yake matamu na rutuba ya ardhi yake, akajenga jumba huko Mtoni. Katika miaka iliyofuata aliyahamishia makao yake kisiwani, na jamaa zake wakawa miongoni mwa walowezi wa Kiomani waliofanya Unguja kuwa kwao, wakaishi hapo, wakaoa hapo na wakazikwa hapo. Mwaka 1837 aliwashinda Mazrui na kuitwaa Mombasa. Alifunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Aliwahimiza wenye mashamba kupanda mikarafuu kwa wingi, mpaka Unguja na Pemba zikajulikana duniani kwa zao hilo.

Katika dini alikuwa Ibadhi, lakini hakuwalazimisha raia wake kuifuata madhehebu yake. Waliofuata madhehebu ya Shafii walikuwa na kadhi wao, na miongoni mwa maulamaa aliowaheshimu alikuwamo Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, aliyetokea Barawa. Hili ni jambo jema la kukumbukwa na sisi tunaogombana leo kwa mambo madogo ya matawi.

Katika zama zake misafara ya pwani ilizidi kuingia bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wafanyabiashara Waarabu walikuwa wameweka makazi Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Kutoka hapo njia ilielekea kaskazini kupitia Usukuma hadi ziwani, na Mwingereza Speke aliipita mwaka 1858. Uislamu haukufika bara kwa jeshi la Sayyid Said. Ulifika kwa wafanyabiashara, kwa walimu, na kwa wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walioteremka pwani na mizigo, kisha wakarejea makwao na shahada.

Hata hivyo, msema kweli haifichi nusu ya habari. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa waliotekwa bara, na hazina ya Sayyid Said ilipata ushuru kutokana na biashara hiyo. Kwa shinikizo la Waingereza alikubali kuipunguza katika mikataba ya mwaka 1822 na 1845, lakini haikukoma katika uhai wake. Kaburi la mfalme linajulikana mpaka leo. Makaburi ya wengi walioipanda mikarafuu hayana hata jiwe. Mwenyezi Mungu anayajua yote, na haki ya mja haifutiki kwa kupotea alama ya kaburi lake. Tunamwombea marehemu rehema, na hatumpambi kwa lisilokuwa lake.

Mwaka 1856 alikuwa akirejea Unguja kutoka Oman ndani ya merikebu yake Victoria. Inasimuliwa kwamba kabla ya kung'oa nanga aliamuru zipakiwe mbao za jeneza, kana kwamba moyo wake ulikwisha kumwambia. Akafariki tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, hakuuzamisha mwili baharini. Binti yake Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza jinsi Barghash alivyoushusha mwili wa baba yao usiku na kuuzika kimyakimya, huku akitafuta kuutwaa utawala kabla ndugu yake Majid hajajua. Jaribio hilo halikufaulu. Tazama jambo hili: mtu aliyepokewa maisha yake yote kwa mizinga, alizikwa gizani na kwa haraka, na kabla udongo haujakauka wanawe walikwisha anza kugombea alichokiacha.

Majid alishika utawala wa Unguja, na inaelezwa kuwa alianza kumjengea baba yake kaburi la fahari, lenye kuta na kuba. Maulamaa wa Kiibadhi walipinga, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kujenga juu ya makaburi na kuyapaka chokaa. Kazi ikasimama. Kuta zilibaki, kuba halikuwekwa, na mvua inamnyeshea mfalme kama inavyomnyeshea mvuvi. Majid akafariki mwaka 1870 na Barghash mwaka 1888. Ndugu hao waliogombana walilazwa katika kiwanja hicho hicho cha baba yao.

Hapa ndipo lilipo somo letu. Sheria yetu haitaki kaburi litukuzwe, wala haitaki lidharauliwe. Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue na awazike karibu naye watu wa nyumba yake. Jiwe lilitosha. Na ametufundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Kwa hiyo asili ni kwamba kaburi halifukuliwi. Lakini maulamaa wameruhusu kuhamisha kwa haja ya kweli, na Sahaba Jabir bin Abdillah alimhamisha baba yake, shahidi wa Uhud, kutoka kaburi la pamoja akamlaza peke yake.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001. Penye migodi, familia hutakiwa kuhamisha makaburi. Nchi yetu ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka taarifa itolewe, maiti wahamishwe kwa heshima, na familia ifidiwe gharama za kuhamisha na kuzika upya. Fidia hiyo si bei ya mzazi wala si mirathi ya kugombewa. Mwenye kuchukua fedha akaiacha mifupa ya babu yake chini ya katapila amekula haramu. Mwenye kutegesha kwa kurundika udongo pasipo na maiti ili alipwe naye amekula haramu.

Basi kila familia iyatambue makaburi ya wazee wake kabla ya kuulizwa. Yawekwe mawe, majina yaandikwe katika daftari, na imamu wa msikiti pamoja na serikali ya kijiji wajulishwe. Kuhama kukilazimu, wawepo watu wenye elimu, mifupa ikusanywe kwa staha, isitiriwe na ielekezwe kibla. Haya hayahitaji marumaru wala saruji. Watoto wapelekwe kuzuru, wasalimie, waombe dua, na wajue kuwa nao watalala hapo.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia kwa imani, wenye kuba na wasio na kuba, wenye majina na waliosahauliwa, na utujaalie mwisho mwema. Amin.