M'siri wa Bunkeya na bunduki za zamani za Ulaya

Kila tarehe 20 Desemba, kule Bunkeya, Wayeke wanakumbuka kifo cha mufalme wao M'siri, aliyeuawa mwaka wa 1891. Wengi wanajua jina lake juu ya shaba na pembe za ndovu. Lakini kitu kilichompa nguvu, na kikamwacha mikono mitupu siku ya mwisho, ni bunduki za bei rahisi.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 katika Unyamwezi, Tanzania ya leo, akiitwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa mchuuzi wa shaba mwenye kusafiri mpaka Katanga. Mtoto akafuata njia ileile, kisha akabaki huku. Watu wake walikuwa na bunduki chache tu, lakini wenyeji wengi walikuwa bado na mishale na mikuki. Machifu wenye maadui wakamwita awasaidie, na polepole nchi ikawa yake. Njo ufalme wa Garenganze.

Miaka ile majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha. Magobore yao ya zamani, yale ya kushindilia baruti kwa mbele na kuwashwa na jiwe, yaliuzwa kwa wachuuzi. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliyatengeneza upya kwa soko la Afrika. Bunduki za namna hii zilifika Bunkeya kutoka Benguela, pwani ya Angola, umbali wa karibu kilomita 1,500. M'siri alilipa kwa pembe, kwa shaba na, tuseme ukweli, kwa watumwa. Alioa hata Maria de Fonseca, wa ukoo wa wachuuzi wa kule, na ndoa hiyo ilikaza urafiki wa biashara.

Kuchagua gobore la jiwe haikuwa ujinga. Bunduki mpya kidogo ilitaka fataki kutoka Ulaya, lakini jiwe linapatikana porini. Muhunzi wa kijiji aliweza kulirekebisha, na risasi ikikosekana, kipande cha chuma kilitosha. Ubaya wake: ukipita mita 80 hivi, kulenga ni bahati. Mvua ikilowesha baruti, linanyamaza. Na baruti yenyewe iliagizwa mbali.

Mwaka wa 1891 Wasanga waliasi, njia zikaharibika, baruti ikapungua. Desemba akafika Kapiteni Stairs, ametumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Askari wake walibeba bunduki aina ya Gras, ya jeshi la Ufaransa. Hata hiyo ilikuwa imeanza kuachwa kwao tangu 1886, ilipotoka Lebel! Lakini Gras ilipakiwa kwa nyuma, risasi na baruti pamoja ndani ya ganda moja. Mtu anapiga mara nyingi wakati mwenye gobore bado anashindilia.

M'siri alikataa bendera ya Leopold. Tarehe 20, Kapiteni Bodson akampiga risasi, na yeye Bodson akapigwa palepale, akafa. Mtoto wa M'siri, Mukanda Bantu, alirithi kiti chini ya bendera ile.

Mapatano ya Brussels ya 1890 yalikuwa tayari yamezuia bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo Afrika. Gobore la jiwe liliachwa sokoni. Waliotunga sheria walijua vizuri haliwezi kuwatisha.