Seyyid Barghash: Sultani aliyetoroka kwa nguo za kike

Msikilizaji wetu wa Nzega, misafara ya zamani ya Tabora ilikuwa na mkono wa Zanzibar. Seyyid Barghash bin Said ndiye Sultani aliyetuma askari hadi Tabora wakati wa vita na Mtemi Mirambo. Leo tunaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kushikiliwa, akatoroka.

Baba yake, Seyyid Said, alifariki mwaka 1856, na kiti cha Zanzibar kikaenda kwa kaka yake, Majid. Mwaka 1859 Barghash akapanga kumpindua. Njama ikajulikana, askari wakaizingira nyumba yake, akawa mfungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Dada zake hawakukubali. Khole na Salme, binti wa miaka 15 hivi aliyekuwa akiandika barua za njama hiyo, walikwenda usiku na wanawake wengine, wakaomba kumwona ndugu yao. Walipoingia wakamvalisha nguo za kike, wakamfunika uso, wakatoka naye katikati yao mbele ya walinzi.

Wafuasi wake walijikusanya katika shamba la Marseilles. Majid akasaidiwa na Waingereza, ngome ikavunjwa, Barghash akajisalimisha na kupelekwa Bombay. Uhuru wa usiku ule haukudumu.

Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akatawala hadi kifo chake mwaka 1888. Naye Salme alikuwa ameingia Ukristo, akaolewa na Mjerumani na kwenda Ujerumani. Aliporudi mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash alikataa kumpokea. Aliyemtoa kifungoni akafungiwa mlango.

Kwa nini tunayakumbuka haya? Kwa sababu hata leo ndugu hushawishika kumsaidia ndugu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema kutoroka ukiwa chini ya ulinzi halali ni kosa, na kumsaidia mtu atoroke ni kosa pia. Hata jaribio lililoshindwa huweza kukufikisha mahakamani. Na aliye mahabusu, ambaye bado hajahukumiwa, akitoroka huongeza kosa la pili juu ya lile analotuhumiwa, ambalo huenda angeshinda.

Ndugu yako akishikwa, mfuatilie kituoni, ulizia dhamana, tafuta msaada wa kisheria. Usimpelekee nguo za kutorokea.